Aliyepigwa siyo lazima awe ndo aliyepiga simu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari minne tu jinsi lokidauni za korona zilivyovuruga hesabu za ukatili wa majumbani huko polisi, nikahamia mambo mengine, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikaniomba nifute picha. Nimechagua nane, majina nimeyatoa, na barua ndefu nimezikata, mtanisamehe.

Shikamoo shangazi. Niko chuo mwaka wa 3, naandika ripoti kuhusu lokidauni na ukatili wa nyumbani. Kila mtu anasema ukatili ulilipuka, ila nikifungua data za polisi nakuta kuna sehemu kesi zimeshuka tena sana. Msimamizi wangu kaniambia nichague upande mmoja nisimame nao. Nichague upi?

Marahaba mwanangu. Usichague. Msimamizi umheshimu lakini hapo kakosea, pande zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, ndani ya mji mmoja, wiki hiyohiyo.

Hebu fikiria mtu anavyoripoti siku za kawaida. Mume katoka, hata kama ni nusu saa tu, mke anachukua simu anampigia mtu, au anajifunga nguo anaenda kituoni, au anaenda kwa mama yake na mama ndo anamburuta kituoni. Sasa ondoa vyote hivyo. Mume yupo sebuleni tangu asubuhi, simu ikilia anauliza nani huyo, kwa mama hakwendeki kwa sababu njia zimefungwa na mama mwenyewe ni mzee unaogopa kumpelekea ugonjwa, kituoni unaogopa kubanana na watu wanaokohoa, na redio kila dakika inakwambia kaa ndani uokoe maisha. Wapo walioamini kabisa kwamba wakitoka mbio kukwepa kipigo watakamatwa wao. Ndo maana Uingereza mwaka 2020 serikali ilibidi iseme waziwazi kwamba anayekimbia ukatili hajavunja amri ya kubaki nyumbani. Kitu ambacho ukikifikiria ni cha ajabu kuhitaji kusemwa.

Italia ndo mfano ninaoupenda maana unaonyesha yote mawili kwenye kioo kimoja. Idara yao ya takwimu, ISTAT, ilihesabu simu zilizoingia namba 1522, ile ya kusaidia wahanga, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 3 hadi 16 mwezi wa 4 mwaka 2020, ikakuta 5,031, ambayo ni asilimia 73 zaidi ya kipindi kilekile cha 2019. Siku hizohizo malalamiko ya ukatili wa familia yaliyofika polisi yalishuka. Mtu wa polisi akichora grafu yake anasema hali imetulia, dada wa kwenye simu akichora yake anasema tunazama, na hakuna hata mmoja anayedanganya.

London nako kuna watafiti walienda mbali zaidi, wakaangalia watu wanatafuta nini Google, yale maneno ambayo mtu huyaandika akiwa na shida ya kupigwa nyumbani. Kipimo chao kilipofika kileleni kilikuwa kimepanda asilimia 40, mara 7 au 8 ya ongezeko lililoonekana kwenye data za polisi. Kuandika kwenye simu hakutoi sauti na ukimaliza unafuta, kuongea na polisi kunatoa sauti na ukuta mwembamba, basi.

Halafu hospitali moja kubwa ya Boston, hii iweke kwenye ripoti yako kabisa. Kati ya tarehe 11 mwezi wa 3 na 3 mwezi wa 5 mwaka 2020 walipata wahanga 62 wa ukatili wa wenza, mwaka mmoja nyuma siku zilezile walikuwa 104. Umeona zimeshuka eeh? Ila waliokuwa wameumizwa mwilini walikuwa 26 na mwaka wa nyuma 20, na majeraha yenyewe mabaya zaidi, ya ndani ya mwili. Yaani waliokuwa wanakuja mapema na tatizo dogo hawakuja, walifika wale ambao kubaki nyumbani kulishashindikana.

Kama msimamizi atang'ang'ania namba moja mpe hii, kuna waliokusanya tafiti 18, nyingi za Marekani, wakapata makadirio 37, kati yake 29 yalipanda na 8 yalishuka, na wastani wa yote ukaangukia karibu asilimia 8 juu. Ila uandike chini yake kwamba hizo ni taarifa zilizofika kwa wenye kuandika.

Shangazi mi nakuheshimu ila hizi stori za "janga kivuli", eti ukatili wa nyumbani uliifuata korona kama kivuli, na wanawake milioni 31 naona ni watu wanatafuta hela za mradi. Hiyo milioni 31 nani aliihesabu?

Hakuna aliyeihesabu, na hapo umenikamata pazuri. Ile namba ilitolewa na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, mwezi wa 4 mwaka 2020 na ilikuwa makisio, kwamba lokidauni zikiendelea miezi 6 tutegemee matukio milioni 31 ya ziada duniani. Tegemea. Watu wakalikata neno "tegemea" wakabeba namba peke yake, wakaenda nayo kwenye semina kama vile kuna mtu alipita nyumba kwa nyumba na kalamu.

Na kuna kali zaidi ya hiyo. Afrika Kusini wiki ya kwanza ya lokidauni zilisambaa habari kwamba polisi wamepokea malalamiko zaidi ya 87,000 ya ukatili wa kijinsia ndani ya siku chache, dunia nzima ikashtuka, kumbe 87,000 ni ya mwaka mzima wa 2019 na ya ile wiki ilikuwa kama 2,300. Baadaye mwezi wa 4 mwaka 2020 aliyekuwa waziri wa polisi, Bheki Cele, akatangaza kesi za ukatili wa nyumbani zimeporomoka karibu asilimia 70 ukilinganisha na mwaka wa nyuma. Sasa mtu aliyesikia habari ya kwanza tu na aliyesikia ya pili tu wakikutana kwenye daladala watapigana.

Lakini kaka yangu, kukosea namba hakuondoi jambo. Kule Jianli, mkoa wa Hubei, China, korona ilikoanzia, kituo cha polisi kilipokea taarifa 162 za ukatili wa nyumbani mwezi wa 2 mwaka 2020, mwezi wa 2 wa 2019 zilikuwa 47. Hiyo ilikuwa kabla hata WHO haijaita korona janga la dunia tarehe 11 mwezi wa 3, na kabla hujasikia mradi wowote.

Shikamoo shangazi. Miaka 11 ya ndoa mume wangu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Lokidauni mwezi wa pili, kazini wamemsimamisha, akanipiga mara tatu. Kulipofunguliwa akapata kibarua akaacha, mpaka leo hajarudia. Sikuwahi kwenda polisi. Najiuliza, ni yeye au ni korona?

Marahaba mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikaenda kunywa maji nikarudi.

Nyumba kama yako zilikuwepo nyingi. Kuna utafiti wa simu za polisi katika miji 14 ya Marekani, mwezi wa 3 hadi wa 5 mwaka 2020, simu za ugomvi wa nyumbani zilipanda asilimia 7.5, na zilipanda zaidi wiki 5 za mwanzo. Kilichonishangaza siyo hiyo asilimia, ni nyumba zenyewe. Ongezeko lilitoka zaidi kwenye nyumba ambazo polisi walikuwa hawajawahi kuitwa huko nyuma. Na lilianza watu walipoanza kujifungia wenyewe, kabla ya amri za serikali.

Vitu vilivyosukuma tunavijua. Hela imekata, hajui kesho, pombe aliyokuwa anainywea nje sasa anainywea mezani kwako, mko uso kwa uso saa 24, na wale watu ambao kwa kawaida wangekuona jicho limevimba, wenzako wa kazini, mama mkwe, fundi cherehani, hakuna hata mmoja anayekuona. Afrika Kusini walipofunga walipiga marufuku na uuzaji wa pombe, na watu wanapojaribu kueleza kwa nini kesi zao zilishuka hilo ni mojawapo ya mambo wanayolitaja, ingawa nilishasema kushuka kwenyewe kuna mashimo yake.

Lakini umeniuliza ni yeye au korona. Nikuulize na mimi, ile miezi mkikatwa umeme alimpiga mtu wa umeme? Bosi aliyemsimamisha alimpiga? Alikuwa na hasira na watu wengi, mkono ukajua njia ya kwenda kwa mmoja. Sisemi hivi ili umkimbie leo, miaka 11 na hii mingine ya utulivu ni yako na unaijua kuliko mimi. Nasema kwamba hamjawahi kuongea. Mngekuwa mmeongea ungeniandikia, "akaniomba msamaha." Umeandika "akaacha." Chagua siku katulia, na mtu mwingine mzima anayeheshimiwa na nyote awe anajua kwamba mazungumzo hayo yapo, hata kama hakai nanyi, umwambie mumeo yaliyotokea yote matatu. Akikasirika kwa sababu tu kuna mtu amejua, hapo utakuwa umepata jibu la swali lako.

Mimi ndo nilipiga simu polisi siku ile jirani analia. Hajui ni mimi. Sasa hivi ananisalimia vizuri kila siku na mimi naona aibu kama nilifanya umbea. Nilikosea?

Hukukosea. Tena nikwambie kitu kitakachokupa usingizi. Wachumi waliopata data za polisi wa London walikuta simu za ukatili wa nyumbani zilivyopanda wakati wa lokidauni, waliozipandisha ni watu wa pembeni, siyo wahanga, na hasa maeneo watu wanapobanana. Majirani. Ninyi mlikuwa mko nyumbani mchana kwa mara ya kwanza, mkasikia vitu ambavyo vilikuwepo siku zote au vimeanza juzi, hatujui, ila mlisikia.

Na hapo ndo pale ninapowaambia watu wa takwimu wawe makini. Simu zikiongezeka unaweza kusema vipigo vimeongezeka, au masikio yameongezeka. Yote mawili yana maana lakini siyo kitu kimoja.

Umbea ni kwenda kusimulia. Wewe ulipiga ukanyamaza. Mimi niliwahi kukaa mwaka mmoja na nusu nikipokea simu za msaada, zamani kabla ya korona, na simu za majirani zilikuwa na mwanzo mmoja, "samahani sijui kama inanihusu." Nilikuwa nawaambia ukishasema samahani inakuhusu. Endelea kumsalimia. Siku akitaka kujua atakuuliza, na asipouliza pia sawa.

Habari za kazi shangazi. Mimi ni askari. Lokidauni simu ziliongezeka sana kituoni kwetu, ila mwisho wa mwezi kwenye ripoti kesi zilizofunguliwa zilipungua na waliokamatwa walipungua zaidi. Wakubwa wakatuuliza kama tunapokea simu za mchezo. Naomba nisaidie kueleza.

Nzuri afande, na asante kwa kuandika maana upande wenu hauandikwi sana. Waambie wakubwa Chicago ilitokea hivyohivyo. Watafiti walikuta simu za kuomba polisi kwa ukatili wa nyumbani zilipanda, lakini makosa yaliyoandikwa na polisi wenyewe yakashuka na waliokamatwa wakashuka. Kati ya simu na faili kuna ngazi nyingi na lokidauni ililegeza kila ngazi.

Wewe unazijua kuliko mimi. Mnafika, mlango unafunguliwa na yeye mwanaume akiwa amevaa barakoa, mke yuko nyuma yake mita moja, unamuuliza mama kuna tatizo anasema hapana tulikuwa tunabishana tu. Siku za kawaida ungemvuta pembeni, ungemwita kituoni, ungesema njoo tuandike maelezo. Siku zile kituo hakitaki watu, mahabusu mnaogopa kujaza kwa sababu ya maambukizi, mahakama zinasikiliza za dharura tu, nyumba salama nyingine zilipunguza watu. Ukimkamata utampeleka wapi na ukimtoa mama utampeleka wapi. Basi unaongea nao, unaonya, unaondoka, kwenye daftari unaandika "ugomvi, wamepatanishwa." Sikulaumu, ila hiyo ndo kesi iliyopotea. Na pengine jirani kapiga kuhusu nyumba ambayo kweli palikuwa na kelele tu, hizo nazo zipo.

Kama kituo kinaweza, wekeni hesabu tatu tofauti kwa kila wiki, simu zilizoingia, safari mlizotoka, na kesi zilizofunguliwa, na mlinganishe na wiki ileile ya mwaka uliopita, siyo na mwezi uliopita. Ugomvi wa nyumbani una misimu yake, sikukuu, mwisho wa mwezi, joto. Ukilinganisha mwezi na mwezi utadhani korona imefanya kitu kumbe ni kalenda. Simu za mchezo zitaonekana tu, zitakuwa zile ambazo mkifika hakuna mtu.

Mbona kila siku wanawake tu? Sisi wanaume tuliopigwa lokidauni hatuna safu?

Mnayo, hii hapa. Wanawake wanatajwa zaidi kwa sababu ndio wanaoumizwa na kuuawa zaidi na wenza, WHO inasema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono maishani, na sehemu kubwa ni kutoka kwa mwenza wake. Lakini rudi kwenye zile data za London. Ukatili wa mwenza wa sasa ulipanda asilimia 8 hivi, wa ndugu wa familia ulipanda 17. Kumi na saba! Na watu waliuruka. Humo ndani ndo yumo baba mzee anayesukumwa na mtoto wake mkubwa aliyerudi nyumbani hana kazi, yumo kaka na kaka, yumo mama. Na ule wa waliokwishaachana ulishuka karibu asilimia 9, kwa sababu ya kijinga kabisa, hakuwa na jinsi ya kukufuata.

Wewe binafsi hukusema nani alikupiga. Niandikie tena, ndefu, sitaikata.

Mimi ni mwalimu wa msingi. Shule zilipofungwa nilijua kuna watoto wanne darasani kwangu watapata shida. Zilipofunguliwa mmoja hakurudi. Hakuna aliyeniuliza chochote. Je watoto walihesabiwa popote?

Mwalimu, wewe ndo ulikuwa hesabu yenyewe. Florida, mwezi wa 3 na wa 4 mwaka 2020, taarifa za watoto kunyanyaswa zilikuwa pungufu kwa takriban 15,000 kuliko ilivyotegemewa, asilimia 27 chini, na watafiti hawakusema watoto wamekuwa salama, walisema shule zimefungwa. Mtoto haendi polisi. Anaenda shule akiwa na sweta siku ya jua na mwalimu anauliza mbona sweta. Ukifunga shule umefunga lile swali.

Ndo maana mimi mtu akiniletea namba za watoto za kipindi kile nashindwa hata kuzisoma vizuri. Kwa mtu mzima angalau kuna namba za simu za msaada za kupimia pembeni, kuna Google, kuna majirani. Kwa mtoto wa miaka saba hakuna cha pembeni.

Kuhusu yule asiyerudi, usingoje kuulizwa. Andika jina lake, tarehe ya mwisho uliyomwona, na kile ulichokiona kabla ya shule kufungwa, mpe mkuu wa shule kwa maandishi na ubaki na nakala, kisha upeleke mwenyewe ustawi wa jamii au kwa wanaoshughulikia watoto polisi. Imepita muda najua. Wakikwambia kahamia kijijini waambie wakuonyeshe shule aliyohamia.

Shikamoo shangazi, mimi sitaandika mengi. Lokidauni nilikuwa naingia bafuni nafungua maji, nakaa chini namtumia dada yangu meseji, nikimaliza nafuta. Nilishaondoka pale. Mwanzoni nilisikia kuna namba unabonyeza bila kuongea lakini sikuijua. Sasa nataka kwenda kuripoti lakini wananiambia kwa nini hukusema wakati ule, huna hata ushahidi. Nimechelewa?

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye maji nilipofika nilijua unasema kweli, ile sauti ya bomba nyuma ya simu niliisikia mwaka mzima na nusu.

Hiyo namba uliyoisikia ipo Uingereza, mtu akipiga 999 kwa simu ya mkononi na hawezi kuongea anaambiwa abonyeze 55 ndo anaunganishwa na polisi, ilikuwepo hata kabla ya korona, ila wengi waliijua wakati wa lokidauni. Hispania walianzia visiwa vya Canary, unaingia duka la dawa unaomba "barakoa 19", muuzaji anajua anapiga simu. Ufaransa nako walifungua mlango wa maduka ya dawa kwa sababu ni kati ya sehemu chache mtu alizoruhusiwa kwenda. Wajanja kweli. Lakini kila nchi ilikuwa na lake na nyingine hazikuwa na lolote, kwa hiyo kutoijua siyo kosa lako.

Kuchelewa kunategemea sheria ya mahali ulipo na aina ya kosa, makosa mengine yana muda wa mwisho wa kufungua na mengine hayana, hilo kamuulize wakili wa msaada wa kisheria kabla hujaenda kituoni, ni bure sehemu nyingi. Na atakayekuuliza kwa nini hukusema wakati ule, mjibu kwamba aliyekuwa anakutesa alikuwa mlango wa pili. Polisi mzuri anaelewa. Mexico watafiti waliona taarifa za ukatili dhidi ya wanawake zilianguka wakati wa kufungiwa halafu zikapanda tena kulipofunguliwa, kama bakuli. Watu waliokuja baadaye ni wengi, wewe ni mmoja wao.

Andika kwanza kila kitu unachokumbuka, hata tarehe ukikosea andika "wiki ile walipotangaza nyongeza ya siku", inatosha kuanzia. Kama ulienda zahanati hata mara moja, hata kama ulidanganya umeanguka, karatasi ipo kwao kaiombe. Nguo, picha, mtu aliyekusikia.

Na hizo meseji. Umesema ukimaliza ulikuwa unafuta. Ulifuta kwenye simu yako. Leo jioni mpigie dada yako umuulize kama na yeye alifuta kwake, na kama hakufuta mwambie asibadilishe simu mpaka uwe umefika na kupiga picha kila moja pamoja na tarehe yake.